Tiba ya Jeni na Sheria Inayochelewa

Tiba ya jeni ni matibabu yanayogusa maagizo ambayo mwili hutumia kujijenga na kujiendesha. Maagizo hayo yamo kwenye DNA, ndani ya karibu kila seli, na kila kipande chenye agizo lake huitwa jeni. Jeni ikiwa na kasoro, agizo huharibika: damu hukataa kuganda, misuli hudhoofika, au seli nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo. Dawa za kawaida hutuliza matokeo ya kasoro hiyo. Tiba ya jeni huifuata kasoro yenyewe, ama kwa kuingiza jeni nzima, ama kwa kuzima jeni inayodhuru, ama kwa kuhariri DNA pale pale ilipokosea.

Badiliko hilo hukusudiwa kudumu. Dawa ya malaria ikimkataa mgonjwa huachwa, na baada ya muda mwili huisafisha. Jeni iliyokwisha kuingizwa haiachwi. Maswali ya maadili na ya sheria yanaanzia hapo, nayo yanamhusu mkazi wa Kambu, mji mdogo wa barabara kuu ya Mombasa kati ya Kibwezi na Mtito Andei katika Kaunti ya Makueni, kama yanavyomhusu mkazi wa London au Boston. Huenda yanamhusu zaidi, kwa sababu selimundu, mojawapo ya magonjwa yaliyo mstari wa mbele katika tiba hii, kwa sehemu kubwa ni ugonjwa wa Waafrika.

Sehemu muhimu ya elimu ya selimundu ilipatikana Kenya. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyelelewa Kenya na aliyekuwa akisoma Oxford, alikusanya damu za watu wa jamii mbalimbali nchini. Aliona kwamba jeni ya selimundu ni ya kawaida pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni adimu kwenye nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtu mwenye nakala moja ya jeni hiyo hukingwa kwa kiasi fulani dhidi ya malaria. Anayerithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, huugua: maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu, kiharusi, maambukizi yanayoua watoto kabla hawajafika umri wa kwenda shule. Nchini Uganda, uchunguzi wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 13.3 ya watoto wachanga waliopimwa walikuwa na nakala moja. Ukambani, iliko Kambu, hakumo katika maeneo yanayotajwa sana. Lakini Kambu iko kwenye barabara inayotoka pwani kwenda bara, watu huhama na kuoana, na jeni haina mpaka wa kaunti.

Tarehe 16 Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu iliyokuwa ya kwanza duniani kuidhinishwa kwa kutumia mbinu ya kuhariri jeni iitwayo CRISPR. Marekani ilifuata tarehe 8 Desemba mwaka huo. Matibabu yenyewe ni safari ndefu. Seli mama za damu hutolewa kwa mgonjwa na kupelekwa maabara, ambako huhaririwa ili zianze tena kutengeneza himoglobini ya aina ile ambayo mtoto huwa nayo tumboni mwa mama. Kisha mgonjwa hupewa dawa kali ya saratani inayofuta uboho wake wa zamani, na seli zilizohaririwa hurudishwa. Mgonjwa hukaa hospitalini kwa wiki kadhaa, akilindwa dhidi ya kila kijidudu. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha kabla ya idhini ya Marekani, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila kupatwa na shambulio kali la maumivu. Kwa mzazi aliyezoea kukesha wodini na mtoto anayelia usiku kucha, hilo ni jambo kubwa mno, na hakuna hoja ya maadili inayopaswa kulidogosha.

Hata hivyo dawa ile ya kufuta uboho inaweza kumfanya mgonjwa asizae kamwe. Casgevy iliidhinishwa kwa wagonjwa kuanzia miaka 12. Maana yake ni kwamba uamuzi unaogusa uzazi wa mtu mzima wa kesho hufanywa leo na wazazi, mtoto mwenyewe akiwa bado darasani. Katika nchi zenye uwezo, mbegu au mayai hugandishwa na kuhifadhiwa kabla ya tiba. Katika jamii ya Wakamba, ambako mtoto hupewa jina la babu au nyanya na ukoo huendelea kwa majina hayo, swali la uzazi haliwezi kuachwa kwenye aya ya mwisho ya fomu ya ridhaa. Linapaswa kuja mwanzo, lisemwe kwa Kikamba, na liachiwe muda familia ilizungumze nyumbani.

Kanuni zinazotawala tiba ya jeni duniani zimeandikwa kwa machungu. Mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa idhini rasmi alikuwa msichana wa miaka minne, Ashanthi DeSilva, nchini Marekani, tarehe 14 Septemba 1990. Alipona kiasi cha kutosha kuishi maisha ya kawaida, ingawa aliendelea kupewa dawa nyingine pia, na matumaini yakapanda haraka kuliko ushahidi. Miaka tisa baadaye, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Jesse Gelsinger wa miaka 18 aliingizwa virusi vya kundi la adenovirusi vilivyobebeshwa jeni ambayo ini lake lilikosa. Kinga ya mwili wake ililipuka, na siku nne baadaye, tarehe 17 Septemba 1999, alifariki. Kijana huyo hakuwa mahututi. Ugonjwa wake ulikuwa umedhibitiwa kwa chakula maalumu na dawa, naye alijitolea ili utafiti uwasaidie watoto wachanga wenye hali mbaya kuliko yake. Uchunguzi uligundua kwamba fomu aliyotia sahihi haikutaja nyani waliokufa katika majaribio ya awali, na kwamba kiongozi wa utafiti alikuwa na hisa katika kampuni ambayo ingefaidika na matokeo.

Kosa la pili lilikuwa la aina nyingine, na halikutokana na udanganyifu wa mtu yeyote. Paris na London, wavulana 20 waliozaliwa bila kinga ya mwili walitibiwa kwa virusi vilivyopandikiza jeni nzima kwenye seli za uboho. Wengi wao walipona. Lakini watano wakapata saratani ya damu miaka kadhaa baadaye, kwa kuwa jeni mpya ilitua jirani na jeni inayochochea ukuaji wa seli, ikaiwasha. Mmoja alifariki. Tangu hapo mamlaka ya dawa ya Marekani inapendekeza kwamba watu waliopewa tiba za namna hii wafuatiliwe hadi miaka 15.

Kenya haina sheria moja iliyotungwa kwa ajili ya tiba ya jeni. Ina vipande. Jaribio lolote la dawa mpya kwa binadamu hupita kwanza kwenye kamati ya maadili iliyosajiliwa na Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013. Mtafiti huhitaji leseni ya NACOSTI yenyewe, kisha idhini ya Bodi ya Kudhibiti Dawa na Sumu, PPB, ambayo humtaka mfadhili aoneshe bima ya washiriki. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inagusa utafiti na ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataja taarifa za jeni miongoni mwa taarifa nyeti. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa.

Vipande hivi vina nguvu, lakini vinaacha mapengo. Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia ilitoa mwongozo wa uhariri wa jeni mwaka 2022, na Kenya ikasifiwa kwa kuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kufanya hivyo. Mwongozo huo ulilenga viumbe na bidhaa zake, hasa za kilimo. Haukutungwa kwa ajili ya mgonjwa kitandani. Kwa hiyo mahindi yaliyohaririwa yana njia iliyo wazi zaidi kuliko uboho uliohaririwa. Mpangilio huo umekaa kichwa chini. Anayepaswa kutangulia katika ulinzi ni mtu.

Si kweli, hata hivyo, kwamba wadhibiti wa Kenya wangeanza kutoka sifuri. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Nairobi kilishiriki katika majaribio ya chanjo ya Ukimwi iliyotumia DNA na virusi vya kubebea. Mwaka 2020 chanjo ya Covid-19 ya Oxford na AstraZeneca, iliyobebwa na adenovirusi, ilijaribiwa Kilifi, na kuanzia Machi 2021 ilitumika nchi nzima. Chanjo hizo hazikuwa tiba ya jeni, kwa kuwa hazikukusudia kubadili DNA ya mtu, lakini zilizifundisha kamati za Kenya kusoma nyaraka za virusi vya kubebea, kuhoji usalama wake na kukagua maabara.

Somo jingine la chanjo ya mwaka 2001 lilihusu umiliki. Wazo lake lilitokana na wanawake wa Majengo, Nairobi, waliokuwa wakifanya biashara ya ngono na ambao, ingawa walikutana na virusi vya Ukimwi mara nyingi, hawakuambukizwa. Mwaka 2000 ilibainika kwamba watafiti wa Uingereza walikuwa wameomba hataza bila wenzao wa Kenya. Mzozo ukazuka, ukaisha kwa makubaliano ya kushirikiana umiliki. Chanjo yenyewe haikufaulu, lakini swali lilibaki mezani: damu ikitoka Afrika Mashariki na dawa ikatengenezwa ng'ambo, aliyetoa damu anapata nini? Katika tiba ya jeni swali hili ni zito zaidi, kwa sababu malighafi ya utafiti ni urithi wa mtu na wa ndugu zake wote.

Ridhaa ndiyo nguzo ambayo kila kanuni huiegemea, nayo ni rahisi kuandikwa na ngumu kupatikana. Mwaka 2023 Wakenya walipanga foleni katika jumba la KICC, Nairobi, mboni za macho yao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin, wakitarajia sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hizo Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zilizokusanywa zifutwe. Waliopanga foleni hawakuwa wajinga. Walikuwa na shida ya pesa, na maelezo waliyopewa hayakutosha. Mtafiti wa jeni anayefika kwenye baraza la chifu eneo la Kibwezi msimu wa ukame, mvua zikiwa zimekosa na mifugo imedhoofika, akiwa na nauli, chakula na ahadi ya matibabu ya bure, hukutana na hali iyo hiyo. Ridhaa inayotolewa kwa njaa haina uzito wa ridhaa.

Kuna jambo ambalo watafiti wa Kilifi, katika mpango wa KEMRI na Wellcome, walilikabili mapema kuliko wengi. Kupima selimundu hufichua nani ana nakala ya jeni na nani hana. Mtoto akiwa na nakala mbili na baba wa nyumbani hana hata moja, kipimo kimesema jambo ambalo hakuna aliyeliuliza. Ndoa zinaweza kuvunjika, na mara nyingi mama ndiye anayeadhibiwa. Kwa hiyo namna majibu yanavyotolewa, kwa nani, na mbele ya nani, ni suala la maadili lenye uzito sawa na sindano yenyewe. Kilifi waliliendea kwa kuzungumza na jamii kupitia wawakilishi waliochaguliwa na wanakijiji, kabla na wakati wa utafiti. Njia hiyo ni polepole, na ndiyo iliyo sahihi.

Ufuatiliaji wa miaka 15 nao unaonekana mwepesi kwenye karatasi. Kijana wa Kambu hubadilisha laini ya simu, hupata kibarua Mombasa, huolewa Machakos, hurudi nyumbani miaka ikiwa imepita. Akianza kuchubuka ovyo au kupungukiwa damu, atakwenda zahanati iliyo karibu, na mhudumu aliye zamu hatajua kwamba seli zake ziliwahi kuhaririwa. Kanuni ya Kenya italazimika kutaja sajili ya kudumu ya wagonjwa, itunzwe na taasisi ya umma badala ya kampuni inayoweza kuuzwa au kufilisika, na iunganishwe na wahamasishaji wa afya ya jamii, wale 100,000 waliozinduliwa Septemba 2023 ambao tayari hutembea nyumba kwa nyumba.

Halafu ipo bei. Casgevy ilitangazwa Marekani kwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na mshindani wake Lyfgenia kwa dola milioni 3.1. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, Casgevy ni takriban shilingi milioni 284. Mwaka 2016 Kaunti ya Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilianzisha mpango wa MakueniCare ambao familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu kaya 244,669 Makueni. Kila kaya, bila kubakiza hata moja, ingehitaji kulipa mchango huo kwa zaidi ya miaka miwili ili kumtibu mgonjwa mmoja, huku hospitali zikiwa hazijanunua hata bomba la sindano. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya mfuko wa bima ya afya wa NHIF Oktoba 2024, ina mfuko wa magonjwa sugu na mahututi, lakini hakuna mfuko wa umma Afrika Mashariki unaoweza kubeba bei za namna hiyo.

Watengenezaji husema bei hiyo hufidia gharama za utafiti na matibabu ya maisha yote ambayo mgonjwa hatayahitaji tena. Hoja hiyo ina mantiki Boston, ambako kumtunza mgonjwa wa selimundu hugharimu fedha nyingi kila mwaka. Makueni hesabu inakataa. Kwa kutambua hilo, Oktoba 2019 Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani na Wakfu wa Bill na Melinda Gates ziliahidi kutoa dola milioni 200 kutafuta tiba za jeni za selimundu na Ukimwi ambazo zingeweza kutumika Afrika kwa gharama ndogo, ikiwezekana kwa sindano moja isiyohitaji kufuta uboho. Kituo cha utafiti cha JCRC kilichoko Lubowa, karibu na Kampala, ni miongoni mwa taasisi za kanda hii ambazo zimekuwa zikijiandaa kwa kazi ya aina hiyo.

Haki katika afya ina upande mwingine usiosemwa sana. Tiba rahisi za selimundu zipo, na hazijawafikia wote. Utafiti wa REACH, uliofanywa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda na kuchapishwa kati ya mwisho wa 2018 na mwanzo wa 2019, ulithibitisha kwamba haidroksiurea, kidonge cha zamani kisicho na hataza, hupunguza maumivu, haja ya kuongezewa damu, malaria na vifo vya watoto. Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilianza mwaka 2023 kupandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu. Kumpima mtoto mchanga kwa tone la damu la kisigino kunatosha kujua nani aanze kinga na dawa mapema. Upimaji huo bado haujaenea Kenya nzima. Serikali itakayopokea kwa shangwe jaribio la kuhariri jeni huku watoto wakikosa kupimwa itakuwa imewatumia wagonjwa kama shamba la majaribio, hata kama kila fomu imetiwa sahihi.

Yote yaliyotajwa yanahusu seli za mwili, ambazo mabadiliko yake hufa na mgonjwa. Kuhariri mbegu, yai au kiinitete ni suala lingine, kwa sababu badiliko hurithiwa na vizazi ambavyo havikuulizwa. Novemba 2018 mwanasayansi He Jiankui wa China alitangaza kuzaliwa kwa mapacha wa kike aliowahariri jeni ya CCR5 wakiwa viinitete, akidai kuwakinga na Ukimwi. Mwezi Desemba 2019 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo yake Julai 2021, likitaka kila nchi iwe na usimamizi wa wazi, sajili na njia ya kufichua utafiti haramu. Katiba ya Kenya, kifungu cha 26, inasema uhai huanza mimba inapotungwa, jambo ambalo linaweza kutumika mahakamani kupinga uhariri wa viinitete. Lakini hakuna kifungu kinachoutaja kwa jina, na muswada wa teknolojia saidizi ya uzazi, unaohusishwa na Mbunge Millie Odhiambo, umerudi bungeni mara kadhaa kwa miaka mingi. Marufuku ya wazi ya kuhariri jeni zinazorithiwa haihitaji kungoja sheria kubwa. Inaweza kuwekwa kwa marekebisho mafupi, na inafaa iwekwe kabla kliniki binafsi haijaanza kuitangaza huduma hiyo.

Wizara ya Afya, PPB na Bunge wana kazi ya kuunganisha vipande walivyonavyo kuwa kanuni moja ya tiba ya jeni: idhini, sajili ya miaka 15, bima ya madhara, mgawo wa faida, na sharti kwamba tiba ikifaulu itapatikana mahali ilipojaribiwa kwa bei inayolipika. Wakati kanuni hiyo haijawa tayari, mzazi wa Kambu anayeombwa kumshirikisha mtoto wake katika utafiti wowote wa jeni anaweza kudai aoneshwe barua ya kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI na idhini ya PPB, apewe maelezo kwa lugha yake, na aandikiwe ni nani atakayelipia matibabu madhara yakitokea baada ya watafiti kuondoka. Ana haki pia ya kusema hapana, na kukataa kwake hakupaswi kumpunguzia mtoto huduma yoyote ya hospitali.